Maziwa Hayaendi Kifuani

Juzi nilikwenda Ukunda kununua msasa, maana kiti cha mbuzi yangu ya kukunia nazi kilikuwa kimeanza kuchanika na kunichoma. Mbele ya duka moja la fanicha nikamkuta kijana anapulizia vanishi kwenye milango iliyoegemezwa ukutani. Usoni amevaa ile barakoa ya buluu ya wakati wa Korona, imelowa jasho, na pua yenyewe iko nje inachungulia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hiyo unayopulizia ni ya makopo mawili?"

"Eeh, ile unamix na hadena. Hii ni UV, mama. Jua haiwezi kuigusa."

"Na kifua chako je?"

Akacheka. "Nikimaliza napiga paketi ya maziwa. Inasafisha yote."

Nilisahau msasa. Nikavuta kigoda kikavu, nikakaa upande ule upepo unakotokea, nikamwambia azime kompresa kidogo nimpe habari. Yeye alisikiliza nusu, simu ikalia. Basi nyinyi wengine mnaoshika kazi hii Diani na Msambweni na popote penye milango inayotazama bahari, nisikilizeni mpaka mwisho. Mimi naitwa Agnesi, lakini kazini wengi walinijua kama Mama Mutua, na miaka yangu yote ya nguvu niliimalizia kwenye vanishi.

Wazazi wangu walitoka Ukambani wakapata shamba la skimu, yale ya kugawiwa na serikali, bara ya Msambweni. Mimi nilikulia huku, ndiyo maana Kiswahili changu kinawachanganya ndugu zangu nikienda kwao. Niliajiriwa katika hoteli moja ya Diani kufagia vyumba. Siku moja mlango wa kabati ulikuwa umevimba haufungi, nikauparuza kwa msasa wa kuazima ukakaa sawa. Fundi wa hoteli akapita, akaugusa kwa kiganja, akauliza nani kaufanya. Akaambiwa ni yule mwanamke wa Kikamba. Wiki haikwisha nikawa karakana.

Fundi huyo aliitwa Mwinyi, Mdigo wa Bodo, aliyeanza kwa kuziba na kupaka mashua kabla hoteli hazijajaa ufuoni. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, ndevu zake amezitia hina zikawa kama kutu ya shaba. Nilipofika mara ya kwanza alinipa mbao mbili za mvule. Moja ilikuwa ya rangi ya asali. Ya pili ilikuwa ya kijivu, kavu, nyuzi zimesimama kama nywele za mtu aliyeamka.

"Hizi zimekatwa mti mmoja," akasema. "Hii ilikaa ndani. Hii ilikaa mlangoni inatazama bahari. Jua haliichomi mbao kama moto, mwanangu. Huingia chini ya vanishi, likaachanisha mbao na ngozi yake. Ukiona vanishi inabanduka kama ngozi ya nyoka, ujue jua limeshapita zamani."

Mambo mengi niliyoyajua baadaye nilifundishwa na mtu huyu. Usipake mbao iliyopigwa na jua la mchana, vanishi itatoa malengelenge. Usipake alfajiri kabla umande haujakauka. Paka nyembamba, piga msasa, futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu, paka tena. Na vumbi lenyewe ulifutapo usilipulize kwa mdomo, maana mvule huwasha pua na macho. Hilo alilijua. Lakini kuhusu hewa ya vanishi na ya tina, yale maji makali ya kuzimulia vanishi, fundi wangu alikuwa na imani yake, nasi sote tukaifuata. Ukianza kazi unafunga kitambaa kilicholoweshwa puani. Ukimaliza, unakunywa maziwa. Kila jioni alikuwa na chupa yake ya maziwa ya ng'ombe kutoka Bongwe, akitugawia kwa kikombe kimoja, na hakuna aliyeruhusiwa kutoka bila kunywa. Alituangalia mpaka tumeze, kama mama anayewanywesha watoto dawa ya minyoo.

Tulikuwa watatu. Mimi, Fundi Mwinyi, na mpwa wake Kassim, kijana wa Bongwe. Kassim ndiye aliyeshika bunduki ya kupulizia. Sijaona tena mkono kama ule. Alikuwa akipulizia mlango mzima bila tone moja kutiririka, huku anaimba. Kosa lake lilikuwa kunawa mikono kwa tina. Tulikuwa tukifanya hivyo sote. Ngozi ikikauka tunapaka mafuta ya nazi, basi.

Ngoja niwachekeshe kidogo kabla sijafika pagumu. Kulikuwa na yale mafuta ya kupaka viti vya bustani ili visipasuke kwa jua. Ijumaa moja tulimaliza viti, matambara yote yenye mafuta tukayarundika kwenye katoni pembeni mwa karakana, wanaume wakaenda msikitini nami nikaenda kula. Tuliporudi karakana ilikuwa inafuka moshi. Fundi akamvaa askari wa lango, "Umevuta sigara humu!" Askari akaapa kwa jina la Mungu na la mama yake kwamba hajawahi kuvuta. Mpishi mmoja akasema pale zamani palikuwa na mzimu, tumemkalia jini kichwani. Ukaletwa ubani, ukafukizwa, katika karakana iliyojaa tina! Mungu alituangalia tu. Ni Bwana Omondi, meneja wa matengenezo, aliyeokota kopo la mafuta akalisoma mgongoni. Pameandikwa kwamba matambara yenye mafuta hayo yakirundikwa hujitia joto yenyewe mpaka yakashika moto. Maandishi hayo yalikuwa mbele ya macho yetu siku zote. Tangu hapo tuliyatandaza matambara juani moja moja, au tukayatia kwenye debe la maji lenye kifuniko. Fanyeni hivyo hivyo. Jini huyo hana haja ya ubani.

Bwana Omondi alikuwa mtu wa Kisumu, mpole, mwenye kupenda kazi nadhifu. Ndiye aliyetuletea vanishi mpya. Wageni walikuwa wakilalamika kwamba milango ya vyumba vya mbele inabanduka kila msimu, naye akapata habari za vanishi ya makopo mawili, moja ya vanishi yenyewe yenye kinga ya jua, na moja ndogo ya hadena, dawa ya kuikazia. Ukichanganya unapulizia, inakauka ngumu kama kioo. Tuliijaribu kwenye mlango mmoja. Kassim alipomaliza tulisimama wote watatu tukajitazama ndani yake.

"Mjomba," akasema Kassim, "hata kunyoa nitanyolea hapa."

Ilikuwa vanishi nzuri kweli. Siisemi vibaya mpaka leo. Lakini hadena haikuwa kama vanishi zetu za zamani, nasi tuliishika kama zile zile. Tulikuwa tumetenga stoo moja nyuma ya jiko, milango ikilazwa juu ya farasi za mbao, vile viegemeo vya miguu minne, na madirisha yote tumeyafunga ili mchanga wa ufuoni usiruke ukanata kwenye vanishi mbichi. Kitambaa puani, kazi inaendelea.

Baada ya muda Kassim akaacha kuimba.

Alianza kukohoa kikohozi kikavu. Siku za kazi kinazidi, siku ya mapumziko akienda kwao Bongwe kinapoa. Akirudi, kinarudi. Akawa anatoka stoo akishika magoti, mabega yanapanda na kushuka, na kifua kinapiga mluzi kama birika. Nilimuuliza. Akasema ni upepo wa kusi, kila mwaka humshika. Ukweli ni kwamba alikuwa amechumbia, mahari imekwisha semwa, na hakutaka mtu aseme mkono wake umeharibika. Fundi Mwinyi alimwongezea maziwa, vikombe viwili badala ya kimoja. Nasi tuliona ni huruma, na ilikuwa huruma kweli.

Siku yenyewe ilipofika, Kassim hakuwa hata anafanya kazi. Hilo ndilo nataka mlishike. Alikuwa ametumwa mjini kununua misumari. Mjomba wake alikuwa ameshika bunduki stooni, mimi napiga msasa nje. Kassim akarudi, akafungua mlango wa stoo, akaingiza kichwa aseme jambo. Akavuta pumzi moja. Nilimwona akirudi nyuma mkono shingoni, macho yametoka, mdomo unafunguka na kufumbika bila sauti. Misumari ikamwagika. Akaanguka kwa magoti mchangani.

"Fundi!" nilipiga kelele. "Kassim hapumui!"

Fundi alitoka na kitambaa chake usoni. Alitaka kumlaza chali. Lakini Kassim alijisukuma kwa mikono kukaa, akakataa katakata kulala, nasi tukamwachia akae alivyotaka huku tumemshika mgongo. Tukamwondoa upande wa stoo, tukamfungua vifungo, na dereva wa hoteli akaleta pikapu. Njia nzima kuelekea Msambweni alikuwa ameegemea kifuani mwangu, midomo imekuwa rangi ya zambarau, na Fundi Mwinyi kule nyuma anasoma dua kwa sauti iliyokuwa inakatika.

Hospitalini tulikompeleka, daktari wa zamu alikuwa mama mmoja mwenye miwani, mtu wa maneno machache. Alimtia Kassim kwenye hewa na dawa ya kuvuta, akasikiliza kifua, akangoja. Polepole ule mluzi ukashuka. Ndipo akatugeukia.

"Anafanya kazi gani?"

"Anapaka vanishi, hotelini," nikasema.

"Anavaa nini usoni?"

Fundi Mwinyi akajibu kwa heshima zote. "Kitambaa, daktari. Na maziwa anakunywa kila siku. Mimi mwenyewe ninahakikisha."

Yule daktari hakucheka. Alivuta kiti akakaa ili macho yake yawe sawa na ya mzee. "Mzee wangu, maziwa huenda tumboni. Kilichomdhuru huyu hakikupita tumboni, kimepita kifuani. Maziwa hayaendi kifuani. Nileteeni kopo la hiyo vanishi, na la hadena pia, nijue ni nini."

Nilirudi na dereva kuyachukua. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwaambia watu, mtu akizidiwa kazini msiende hospitali na mgonjwa peke yake, nendeni na kopo, au pigeni picha ya maandishi yake kwa simu. Daktari aliyasoma yote mawili, akapiga simu kwa mwenzake, kisha akatueleza kwa upole. Katika hadena kuna kitu ambacho mwili wa baadhi ya watu, baada ya kukivuta au kukigusa mara nyingi, hukifanya adui. Ukishafanya hivyo hausahau. Hata harufu ya mbali tu, hata chembe, kifua hufunga. Kitambaa kilicholowa hakikizuii. Barakoa ya vumbi haikizuii.

"Basi akipumzika mwezi hivi, atarudi?" Fundi akauliza.

"Hapana, mzee. Kazi nyingine yoyote atafanya. Hii, akirudi, itamuua."

Kassim alikuwa macho. Alisikia. Aligeuza uso ukutani akavuta shuka.

Jioni ile tuliporudi, Fundi Mwinyi alikaa kwenye ngazi ya karakana. Chupa ya maziwa ilikuwa pale ilipowekwa asubuhi. Aliitazama, kisha akasema bila kunigeukia, "Agnesi, mimi nilikuwa nimemchumia nini mtoto wa dada yangu?" Nilikaa naye mpaka muadhini alipoadhini Magharibi, naye akaondoka kwenda kuswali.

Kesho yake msimu wa wageni ulikuwa mlangoni, na vyumba vya mbele vimekaa bila milango. Bwana Omondi alikuja na habari za wageni wanaoingia. Fundi alisimama.

"Bwana Omondi, nakuheshimu na unanijua. Milango haitapuliziwa."

"Fundi, vyumba viko wazi."

"Tundika mapazia. Tundika majamvi. Hakuna pua itakayoingia stoo ile mpaka tujue inavaa nini."

Nilidhani patakuwa na ugomvi. Bwana Omondi alishusha mikono. Alikuwa amekwenda kumwona Kassim usiku uliopita, akarudi amevurugika kuliko sisi. "Mimi ndiye niliyeileta," akasema. "Na barakoa za vumbi nilizinunua mimi nikazifungia kabatini, nikidhani zatosha, na mkizitaka mtaniomba. Nipe siku chache." Akaingia ofisini, akawapigia waliotuuzia vanishi, akawauliza mpaka wakachoka naye. Vyumba vya mbele vikafungwa, wageni wakapangwa nyuma, na mwenye hoteli akanuna kisha akanyamaza.

Wale wauzaji walimtuma fundi wao kutoka Mombasa, akatufundisha. Tulifungua madirisha ya stoo pande zote mbili, tukaweka feni ya kutoa hewa nje, na mchanga tukauzuia kwa kumwagia maji sakafu na kutundika chandarua. Tulipata glavu za mpira, miwani, na mavazi ya mikono mirefu. Tina ikapigwa marufuku kwenye ngozi. Sabuni na mafuta ya kula, basi, na uvumilivu. Tukaweka kamba na kibao mbali na mlango ili wafagiaji wa vyumba wasikatize, maana nao wana mapafu. Na zikaja barakoa za mpira zenye vichujio viwili mashavuni, zinazokufanya ufanane na nzi. Akatuonya kwamba kwa hadena usingoje kunusa ndipo ubadili kichujio, maana pua haitakuambia mapema. Badili kwa ratiba, na ukimaliza kazi kifungie kwenye mfuko, kisiendelee kunywa hewa ya karakana. Kazi kubwa ya ndani kabisa hutaka ile mashine inayokuletea hewa safi kwa mpira kutoka nje. Ikiwa hamna mashine hiyo, kazi hiyo siyo yenu. Iacheni.

Kisha akatuonyesha kujipima. Unavaa barakoa, unaziba vichujio kwa viganja, unavuta pumzi. Ikikunyonya uso na kubaki imenata, iko sawa. Nikajaribu, ikaninata mpaka machozi. Akajaribu Fundi Mwinyi. Hewa ikapita pembeni fyuu. Akakaza mikanda. Fyuu. Yule fundi wa Mombasa akasitasita, akatazama chini.

"Mzee, samahani sana. Ni ndevu. Mpira haukai juu ya ndevu. Hewa inapita katikati ya nywele."

Ndevu za Fundi Mwinyi, nimewaambia, zilikuwa na hina. Hakuna aliyewahi kumwona bila hizo. Mimi Mkristo, lakini nimeishi na watu hawa, nilijua lile si jambo la urembo. Bwana Omondi alitaka kusema kitu, Fundi akamwinulia kiganja. Akavua barakoa, akaipangusa ndani kwa kitambaa safi, akaiweka kwenye mfuko wake.

"Ndevu hizi ni sunna, sizinyoi," akasema taratibu. "Na pumzi ni amana, nayo siichezei tena." Akaenda ukutani, akaitungua bunduki aliyokuwa akiishika tangu ujana, akaifungua mdomo, akanionyesha jinsi anavyousafisha, ingawa nilijua. Kisha akaniweka mkononi. "Shika wewe, Agnesi. Mimi nitabaki na msasa, nje, kwenye hewa."

"Fundi, siwezi kama Kassim."

"Hakuna anayeweza kama Kassim. Pulizia kama Agnesi."

Mlango wangu wa kwanza ulitiririka vanishi kama mishumaa. Aliupiga msasa wote yeye mwenyewe siku iliyofuata, akaniambia nirudie. Nilirudia. Nimepulizia milango mingi baada ya huo, mpaka hoteli zingine zikawa zinaniazima, na leo nina mapafu ya kupandia kilima cha kwetu bila kusimama.

Kassim alipata nafuu, lakini aliona haya. Alikuja kuchukua vitu vyake akasimama nje ya lango, asiingie. Familia ya mchumba ilitikisika kidogo, ikauliza kijana ataishi kwa nini, na yule binti akawaambia wazi kwamba yeye hakuchumbiwa na bunduki ya rangi. Kassim akaanza kuotesha miche, minazi na mikorosho na miembe ya kubebesha, ile inayounganishwa na kitawi cha mwembe mwingine, kando ya barabara ya Bongwe. Ule mkono wake mwepesi ulihamia kwenye kisu cha kubebeshea. Ukipita leo utamkuta.

Harusi ilipokaribia palikuwa na jambo ambalo hakuna aliyelifikiria ila mjomba wake. Kitanda. Kila kitanda kinachouzwa Ukunda kimepakwa kitu, na hakuna ajuaye ni nini. Kassim alikuwa akisimama nje ya nyumba za watu, ananusa kwanza kabla ya kuingia, na mara nyingine anageuka kwenda zake.

Fundi Mwinyi alitafuta mfenesi uliokauka vizuri. Akauchonga kitanda nyumbani kwake, kwenye upenu, kila jioni baada ya kazi. Hakutia vanishi, hakutia mafuta, hakutia hata nta. Alipiga msasa tu, mkali, kisha laini, kisha laini zaidi, mpaka mwisho alikuwa akisugua kwa kitambaa kikavu. Nilikwenda kumsaidia siku za Jumapili. Viganja vyake viliiva. Mbao ile ilifikia kung'aa kwa rangi yake yenyewe ya manjano, nikawa siamini kwamba haina kitu.

Siku ya kukipeleka tulikipangusa kwa kitambaa chenye unyevu, tukakiingiza chumbani, tukafungua dirisha. Kassim akaitwa. Alisimama kizingitini kama alivyozoea, mkono mmoja kifuani, akanyanyua uso akanusa. Akanusa tena. Mjomba wake alikuwa ameegemea ukuta, ameficha viganja kwenye kikoi.

Kassim akaingia. Akapitisha kidole kwenye ubao wa kichwani, akakaa, kisha akajilaza chali juu ya mbao tupu, akavuta pumzi ndefu mpaka tumbo likainuka, akaitoa polepole, na akaanza kuimba.